Geuza Buli Usome Kitako

Tangu bei ya fedha ilipovuka dola 50 kwa aunsi mwezi Oktoba 2025 na kuipita rekodi ya Januari 1980, watu wameyakumbuka makabati ya vyombo. Buli la chai alilotunzwa bibi siku ya harusi, sinia lenye nakshi pembeni, uma kumi na moja zilizobaki katika dazeni: vyote vinafungwa kwenye kanga na kupelekwa kwa sonara. Mrashi mweusi wenye shingo iliyopinda unaachwa kabatini, maana nani atanunua kitu kilichochakaa hivyo? Sonara anapokea buli, haangalii nakshi wala hapimi uzito. Analigeuza, anasoma kitako, analirudisha. "Hii ya kuchovya, mama." Mwenye buli anatoka dukani na mawazo mawili: ama huyu anataka kunipunja, ama marehemu alitudanganya miaka yote.

Mara nyingi kati ya hao wawili hakuna mwongo. Kinachotuponza ni neno lenyewe. "Fedha" kwetu ni madini, ni pesa, na ni rangi. Chombo chenye rangi ya fedha tunakiita chombo cha fedha, na tukisikia chombo cha fedha masikio yanasikia pesa. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu faida, tuyatenganishe.

Kuna fedha halisi. Fedha ikiwa safi kabisa ni laini, kijiko chake kingepinda kwenye ugali, ndiyo maana mafundi huichanganya na shaba kidogo. Kipimo cha Waingereza kiitwacho Sterling, kilichoenea duniani, ni sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Chombo cha namna hiyo ukikikata katikati, rangi ni ileile hadi ndani.

Kuna fedha ya kuchovya. Hapa mwili wa chombo ni madini mengine, na juu yake pamevishwa ngozi nyembamba ya fedha. Ni kama nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa: kwa mbali huijui na ya mawe, lakini pembe ya ukuta ikigongwa na baiskeli, udongo unachungulia.

Halafu kuna fedha ya jina tu. Ipo aloi ya shaba, nikeli na zinki ambayo Waingereza waliiita fedha ya Kijerumani, na Wajerumani wenyewe wakaiita alpaka. Ni nyeupe, ni ngumu, haishiki kutu, na haina hata chembe ya fedha. Hiyo ndiyo iliyoko chini ya ngozi ya mabuli mengi ya zamani, na ndiyo iliyowavuruga wengi, kwa sababu hata ngozi ikiisha, kinachoonekana chini yake bado ni cheupecheupe.

Kuchovya kwenyewe kuna njia mbili, na tofauti yake inahusu bei moja kwa moja. Ya kwanza ilianza mjini Sheffield, Uingereza, yapata mwaka 1743. Fundi visu aitwaye Thomas Boulsover aligundua kwamba bamba la fedha likishikizwa juu ya bamba la shaba na kuchomwa moto wa kadiri, yanagandana yasitengane tena, na yakipitishwa kwenye mashine ya kubana yanakwenda pamoja kama kitu kimoja. Kwa hiyo bamba lilikuwa na ngozi yake kabla chombo hakijatengenezwa. Ya pili ni ya umeme: binamu wawili wa ukoo wa Elkington, mjini Birmingham, walipata hataza yake mwaka 1840. Buli linafuliwa kwanza kwa madini duni, linakamilika na mkono wake na mdomo wake, kisha linatumbukizwa kwenye maji yenye sainaidi ya fedha. Umeme ukipitishwa, fedha inatoka kwenye bamba lililoning'inizwa pembeni na kwenda kulala juu ya buli. Anayejua kushona ataelewa haraka: ile ya Sheffield ni kanzu iliyokatwa kwenye kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi, na ya umeme ni kanzu iliyoshonwa kwanza ndipo ikatumbukizwa kwenye pipa la rangi.

Njia ya umeme iliua ile ya kwanza katika muda mfupi, kwa kuwa ilikuwa rahisi na ilikubali chombo cha umbo lolote. Nchini Ufaransa Charles Christofle alinunua haki zake mwaka 1842. Kutoka hapo buli lililokuwa la mabwana likaingia nyumba ya karani, hotelini, melini na kwenye mabehewa ya chakula ya reli. Huku kwetu vyombo hivi vilikuja na maofisa wa kikoloni, wamisionari, wafanyabiashara na meli za abiria, na wenyewe walipofungasha kurudi kwao vingi viliuzwa au kuachiwa waliokuwa wakiwafanyia kazi. Kwa hiyo buli la bibi linaweza kuwa na miaka mia na lisiwe na zaidi ya ganda la fedha.

Kitako sasa. Chukua simu, washa tochi yake, piga picha kwa karibu kisha uikuze. Ukiona herufi EPNS, mjadala umekwisha: ni chombo cha aloi ile ya nikeli kilichochovywa kwa umeme. EPBM ni cha kuchovya pia, ila mwili wake ni mchanganyiko wa bati na antimoni, laini, wenye rangi ya risasi. Nasimama hapa kidogo kwa sababu ya hasara niliyoishuhudia: aloi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi mia mbili na hamsini hivi, na jiko la mkaa linapita hapo bila jasho. Buli la EPBM ni la kutilia chai iliyokwisha kuchemka. Likiwekwa motoni kama sufuria, kitako kinabaki kwenye makaa. A1 ni kiwanda kujisifia unene wa ngozi yake, si daraja la fedha.

Mtego mkubwa uko kwenye namna herufi hizo zilivyopigwa. Viwanda havikuandika EPNS kwa mstari mmoja kama jina la duka. Viliiweka kila herufi ndani ya ngao yake ndogo, kwa mwandiko wa mapambo, ili kwa haraka zifanane na mihuri ya serikali inayopigwa kwenye fedha halisi. Vingine vilitia taji hadi vilipokatazwa miaka ya 1890, kwa sababu taji ulikuwa muhuri wa ofisi ya kupima fedha ya Sheffield. Mtu anaona ngao nne zimepangwa safu, moja ina mnyama au taji, anaamini amepata. Bado hajapata kitu.

Muhuri wa kweli wa Uingereza una simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa. Huyo ndiye anayesema fedha ni 925. Pembeni yake pana alama ya mji kilikopimwa chombo: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji ni Sheffield hadi 1974 na baada ya hapo waridi. (Birmingham haina bahari. Inasimuliwa kwamba waliokwenda London kuomba ofisi ya kupimia, iliyofunguliwa 1773, walikuwa wakikutana kwenye baa iliyoitwa Taji na Nanga, wakagawana majina na watu wa Sheffield.) Pana pia herufi ya mwaka na herufi za jina la fundi. Simba akikosekana kwenye chombo cha Kiingereza, na hakuna namba 925 wala neno Sterling, shika kwamba ni cha kuchovya. Neno "Sheffield" likiandikwa kwa kirefu ni jina la mji tu. Kiwanda kilikuwa huko, basi.

Namba nazo zina hadithi zake. Kwenye uma na vijiko vya Ujerumani, hasa vya kiwanda cha WMF, utakuta 90. Wengi wanaisoma asilimia tisini. Maana yake ni kwamba gramu 90 za fedha zilitumika kuchovya uma 12 na vijiko 12 vya mezani. Gawanya: kila kimoja kilipata gramu 3.75. Kwa bei ya dola 50 kwa aunsi, yaani gramu 31.1, hiyo ni fedha ya dola sita hivi, kwa uma mpya usiojasuguliwa hata siku moja. Uma wa fedha halisi wenye uzito wa gramu 60 unabeba gramu 55 na nusu, karibu dola 89. Uma mbili zinazofanana mezani kama mapacha zinapishana mara kumi na tano, na ile gramu tatu na ushei haitoki kirahisi, maana kuibandua kunahitaji kemikali za sumu na gharama. Ndiyo maana sonara anakurudishia uma wako bila hata kuuliza unauzaje.

Namba nyingine inayodanganya ni 1847, kwenye vijiko vya Marekani vilivyoandikwa 1847 Rogers Bros. Ni sehemu ya jina la biashara, ukumbusho wa mwaka ambao ndugu wa ukoo wa Rogers walianza kuchovya huko Hartford, Connecticut. Jina hilo liliendelea kupigwa kwenye vijiko katika karne ya 20, kwa hiyo kijiko cha 1847 kinaweza kuwa rika la mama yako. Kidokezo cha umri kinachosaidia zaidi ni neno England. Sheria ya ushuru ya Marekani iliyoanza kutumika 1891 ilitaka bidhaa za nje zioneshe nchi zilikotoka, viwanda vya Uingereza vikaanza kulipiga. Ukiliona, chombo kwa kawaida ni cha baada ya mwaka huo.

Majaribio ya nyumbani yanayosambazwa kwenye simu nayapitia upesi, kwa kuwa mengi yanajibu swali jingine. Sumaku haivuti fedha, kweli, lakini haivuti shaba, wala ile aloi ya nikeli, wala bati. Ikinasa utajua ni chuma, isiponasa hujajua lolote. Kipande cha barafu huyeyuka haraka juu ya fedha kwa sababu inapitisha joto upesi. Shaba nayo inapitisha joto karibu sawa, na ngozi ya fedha juu ya shaba itatoa jibu lilelile. Weusi unatokana na salfa iliyoko hewani, kwenye mayai, hata kwenye mpira wa kufungia vitu. Ngozi ya fedha inashika weusi kama fedha nzima, kwani iliyo juu ni fedha kweli. Uzito ndio unaodanganya kuliko yote: mipini mingi ya visu vya zamani, hata vya fedha halisi, ni mitupu iliyojazwa lami ngumu, na vinara vya mishumaa hujazwa hivyo hivyo ili visianguke.

Kinachosema kweli ni mahali panaposuguliwa. Mgongo wa kijiko, pale kinapokalia meza. Ncha za uma. Ukingo wa sinia. Kifundo cha mfuniko wa buli kilichoshikwa na vidole miaka hamsini. Ukiona hapo pana wekundu, umanjano au kijivu kilichofifia tofauti na sehemu zilizojificha, ni udongo unachungulia chini ya chokaa. Fedha halisi inalika pia, lakini inalika ikiwa fedha. Kwa jibu la mwisho kuna jiwe la sonara na tindikali yake. Mwambie apime chini, mahali pasipoonekana, na umwombe akwangue hadi kupita ngozi, la sivyo atakuwa ameipima ngozi peke yake. Tindikali hiyo usiijaribu nyumbani.

Tuseme basi buli ni la kuchovya. Je, halina thamani? Hapa ndipo watu wanapotoka kosa moja na kuingia jingine: waliolihesabia mamilioni jana, leo wanalitupia kwenye vyuma chakavu. Thamani ya chombo cha kuchovya haiko kwenye kilo. Iko kwa aliyekibuni, aliyekitengeneza, aliyekitumia, na hali kilivyofika kwetu. Mabuli yaliyobuniwa na Christopher Dresser miaka ya 1870 na 1880 kwa viwanda kama James Dixon & Sons ni ya kuchovya, na yanauzwa minadani kwa maelfu ya pauni, kwa sababu yalikuwa na pembe na mistari myembamba ambayo wabunifu wengine waliifikia miongo kadhaa baadaye. Vyombo vya kale vya Sheffield, vile vya bamba lililogandishwa kabla ya 1840, vina wakusanyaji wake, nao wanaupenda ule wekundu wa shaba unaochungulia. Ukivichovya upya ili ving'ae, umefuta kitu walichokuwa wanakitafuta.

Kwa hapa kwetu, mimi ningetazama zaidi nembo za taasisi. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilianza 1948 na kuvunjwa 1969, na treni zake zilikuwa na mabehewa ya chakula yenye kitambaa cheupe na visu na uma kamili. Kijiko chenye herufi E.A.R.&H. mgongoni ni EPNS ya kawaida kabisa, lakini hakitengenezwi tena na shirika halipo tena. Hali ni hiyohiyo kwa vyombo vya meli za abiria zilizotia nanga Mombasa, Tanga na Unguja, na vya hoteli za zamani zilizokwisha kubadili majina. Mnunuzi wa namna hiyo ananunua safari, na atataka kujua kijiko kilikufikiaje. Babu aliyehudumu kwenye behewa la chakula, pamoja na picha yake akiwa na sare, anapandisha bei ya kijiko kuliko kukisugua.

Vingine vyote, na ndivyo vilivyo vingi, ni EPNS bila nembo, nakshi ya maua, kiwanda cha kawaida. Viwanda vilivitoa kwa wingi, na watu wengi siku hizi hawaweki tena meza ya chai yenye buli, kopo la sukari na jagi la maziwa. Hivyo vinakwenda kwa bei ya pambo la nyumba. Seti iliyotimia inauzika kuliko vipande, sinia pana kuliko dogo, na chombo kisichobonyea kuliko kilichopigwa nyundo na fundi wa mtaani. Mpambaji wa harusi anayehitaji masinia ya kupelekea posa atakulipa vizuri kuliko sonara, na huenda akakodi badala ya kununua, ukabaki na sinia lako. Kulichovya upya kwa ajili ya kuuza, kwa vyombo vya daraja hili, ni kutia hela usiyoirudisha.

Na tafadhali, majivu yakae mbali. Tumezoea masinia ya shaba: ukwaju, ndimu, majivu, mkono wenye nguvu, mpaka unajiona usoni. Shaba inastahimili kwa sababu ni shaba hadi ndani. Ngozi ya fedha ya kuchovya kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele, na kila msuguo wa majivu au nyuzi za chuma unaondoka na sehemu yake. Maji ya uvuguvugu, sabuni, kitambaa laini, kukausha papo hapo. Kwa weusi mzito watu hutandaza karatasi ya alumini kwenye beseni, wakatia maji ya moto na baking soda, salfa ikahamia kwenye alumini. Inafanya kazi kwa vijiko, lakini si kwa chombo chenye mpini wa kugundishwa, wala chenye nakshi ambazo weusi wake ndio unaozifanya zisomeke. Kama unakusudia kuuza, usikiguse kwanza. Piga picha kilivyo, kitako kikiwa picha ya kwanza, alama zikisomeka.

Umebaki ule mrashi ulioachwa kabatini. Nimesema chombo cha Kiingereza kisicho na simba ni cha kuchovya, na kanuni hiyo inaishia kwenye vyombo vya Kiingereza. Masonara wa Lamu, Unguja, Mombasa na Maskati hawakuwa na ofisi ya serikali ya kupiga mihuri. Walifua kutokana na sarafu. Riale ya Maria Theresa, ile iliyoandikwa 1780 hata ilipopigwa karne nzima baadaye, ina gramu 28 na ni fedha kwa sehemu 833 katika 1,000. Rupia ya Kihindi iliyotumika pwani hii hadi miongo ya kwanza ya karne ya 20 ilikuwa na uzito wa tola moja, gramu 11.66, na sehemu 917 za fedha. Mteja alikuja na sarafu zake mkononi, fundi akaziyeyusha mbele yake, zikatoka zikiwa bangili, chetezo au mrashi. Vingine viliingia na majahazi kutoka Kachchh, India, ambako mafundi wa Bhuj walifunika chombo kizima kwa maua na majani, mara nyingi bila alama yoyote. Buli lililojaa mihuri likawa la kuchovya, na mrashi usio na hata herufi moja ukawa fedha tupu.

Si kila mrashi, kwani ya shaba na ya kuchovya ipo tele. Angalia shingoni ulipoinama na kwenye ukingo wa chini uliolika: kama rangi ni ileile hadi ndani ya mkwaruzo, upeleke. Usiusugue njiani. Mwombe sonara apime kwanza kwa jiwe, kisha aweke mizani mbele yako na akutajie gramu, hata kama yeye amezoea tola. Mrashi wa gramu 200 wenye fedha sawa na riale unabeba karibu gramu 167 za fedha, hesabu unayoweza kuifanya kwenye simu ukiwa umesimama pale dukani. Hiyo ni bei ya kuyeyusha, na mtu wa vitu vya kale wa Mji Mkongwe akiiona kazi ya mkono iliyoko juu yake, ataanzia hapo kwenda juu.